Aliyepewa Tiketi Ana Deni Gani?

Kila mwaka tunawafundisha wanafunzi wetu methali isemayo, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Tunaieleza, tunaitolea mifano, na mwanafunzi anaiandika katika daftari lake akijua kwamba mtoaji husifiwa kwa moyo wake wala si kwa ukubwa wa mfuko wake. Kuhusu mpokeaji pia wahenga hawakunyamaza. Walituambia kwamba hisani haiozi, na wakatuonya kwamba asante ya punda ni mateke. Kwa methali hizo tatu mtu angeweza kudhani kwamba mlango wa maswali juu ya zawadi umekwisha fungwa.

Lakini iko zawadi moja ambayo hunifanya nisite mbele ya methali hizo zote, nayo ni tiketi ya bahati nasibu. Mtu huinunua kwa fedha kidogo, akampa rafiki yake kwa furaha tu, kama vile angempa kalamu au peremende. Mara nyingi tiketi hiyo haizai kitu. Hutupwa, na habari ikaishia hapo. Lakini siku moja moja kipande hicho cha karatasi hugeuka kikawa baiskeli, au ng'ombe, au fedha za kujengea nyumba. Hapo ndipo swali linapozuka. Ushindi huo ni wa nani? Je, aliyetoa tiketi ana fungu lake ndani yake? Na ikiwa hana, je, aliyeshinda anaweza kwenda zake na mali hiyo na moyo wake ukatulia?

Katika makala haya nakusudia kulijadili swali hilo, si kwa macho ya mwanasheria, maana mimi si mwanasheria, bali kwa macho ya mwalimu wa lugha ambaye swali hilo lilimfika mlangoni pake. Nitaanza na kisa changu mwenyewe, ijapokuwa hakinipi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita shule ninayofundisha, hapa Rwanda, iliandaa bahati nasibu ili ipate fedha za kuezeka upya maktaba. Bei ya tiketi ilikuwa faranga 1,000. Zawadi ya kwanza ilikuwa mtamba wa Kifrisia, aliyetolewa na mzazi mmoja mfugaji. Mwalimu mwenzetu wa hisabati, aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, alinunua tiketi tano. Aliingia nazo katika chumba cha walimu wakati wa mapumziko ya saa nne, akabaki na moja, akatugawia nyingine sisi wanne tuliokuwa tukinywa chai. Alipofika kwenye meza yangu alisema, "Chukua, mwalimu wa Kiswahili. Huenda Mungu akakukumbuka." Tukacheka. Hakuna aliyesema neno lolote kuhusu kugawana, wala hakuna aliyefikiri kwamba kungekuwa na kitu cha kugawana.

Jumamosi iliyofuata ikaitwa namba yangu. Nilimpeleka mtamba kijijini kwa mama yangu, ambaye ndiye mwenye zizi. Jumatatu yake mwenzangu alinipa mkono akanipongeza kwa sauti mbele ya walimu wote. Nikamnunulia soda. Naikumbuka soda ile hadi leo, kwa sababu ndiyo shukrani pekee niliyompa kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Sikuwa na nia mbaya. Nilijiambia kwamba alinipa tiketi, na kitu nilichopewa ni changu. Kama nisingalishinda nisingalimdai hasara, basi na yeye asinidai faida. Na kweli hakunidai. Lakini chumba cha walimu kina masikio na kina midomo. Wengine walisema nusu ya mtamba ni yake. Wengine walisema hata ukwato mmoja si wake. Mmoja aliniuliza kwa mzaha kama maziwa yalikuwa matamu. Mwenzangu mwenyewe hakusema lolote. Ila nilitambua kwamba amehamia meza ya mbali, na kwamba zile karatasi za mafumbo ya hesabu alizozoea kuniletea ili nimsahihishie Kiswahili chake hazikuja tena.

Ng'ombe alipozaa, habari ilimfikia kwa kinywa cha mtu mwingine. Nilipojua hivyo ndipo dhamiri iliponiuma. Nikapiga hesabu ya thamani ya mtamba, nikachukua theluthi, nikaitia katika bahasha, nikampelekea nyumbani kwake jioni. Aliifungua, akaitazama, akaifunga. Akaniuliza, "Hii ni ya nini, mwalimu?" Nikamjibu kwamba ni fungu lake katika ushindi. Akasema, "Kumbe nilikuuzia." Akanirudishia bahasha, akanisindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, tukaagana bila kuongea jambo jingine.

Njiani niliona kwamba nilikuwa nimemkosea mara mbili: mara ya kwanza kwa kutompa kitu, na mara ya pili kwa kumpa. Mtu akikosea kwa kunyima, kisha akakosea kwa kutoa, hana budi kukaa chini ajiulize ni jambo gani ambalo hakulielewa tangu mwanzo.

Nililipeleka swali darasani, bila kusema kwamba kisa ni changu, likawa mada ya mdahalo kwa wanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari. Upande wa kwanza ulishikilia kwamba ushindi wote ni wa aliyepewa. Msichana mmoja alisema, "Zawadi ikitoka mkononi imetoka. Mtu akinipa yai, nami nikalilalishia kuku wangu hata likaangua kifaranga, hawezi kuja kesho kunidai kuku." Upande wa pili ulimjibu kwamba mfano huo haufanani. Mwenye yai anajua kwamba yai huweza kuangua. Lakini mtoaji wa tiketi hakujua anatoa nini. Lau angalijua kwamba karatasi ile ni ng'ombe, asingaliitoa. Basi hakutoa ng'ombe, alitoa karatasi, na ng'ombe bado ana sehemu yake. Msichana akasimama tena, akasema, "Na mimi niliyepokea sikujua ninapokea nini. Sote wawili hatukujua. Basi alichonipa ni kile tusichokijua."

Naamini kwamba katika maneno hayo ya mtoto ndimo ulimo ufunguo wa swali letu. Hebu tuyachambue.

Mtoaji wa tiketi hutoa kitu gani? Tukisema ametoa karatasi ya faranga 1,000, basi soda yangu ilikuwa malipo ya kutosha, na bado nilikuwa na haki ya kudai chenji. Kila mwenye akili timamu anaona kwamba jambo hilo ni la aibu. Tukisema ametoa ng'ombe, tunamsifu kwa tendo ambalo hakulitenda, maana hakuwahi kuwa na ng'ombe wa kutoa. Kwa hiyo hakutoa karatasi wala hakutoa ng'ombe. Alitoa nafasi. Alikuwa na nafasi tano mkononi, akajibakizia moja. Na nafasi aliyoitoa aliitoa nzima, pamoja na uwezekano kwamba siku moja atasimama uwanjani na kumwona rafiki yake akiondoka na mali ambayo ingaliweza kuwa yake yeye. Hapo ndipo ulipo ukarimu wa zawadi hii. Anayetoa shati anajua kiasi anachokosa. Anayetoa tiketi anakubali mapema kukosa kitu asichojua ukubwa wake, na anakubali kukikosa bila kinyongo.

Ikiwa ni hivyo, mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba mtoaji hana haki ya kudai fungu. Akidai, anatwambia kwamba hakutoa nafasi nzima. Alitoa nafasi ya kushindwa, ile ya kushinda akaificha mfukoni. La pili ni kwamba mpokeaji hawezi kupima shukrani yake kwa bei ya karatasi. Apime kwa kile ambacho mwenzake alikubali kukikosa kwa ajili yake.

Hapa lugha yetu inaweza kutusaidia. Neno bahati limetufikia kutoka Kiajemi, na nasibu limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni fungu au sehemu aliyopata mtu. Neno kura nalo, ambalo leo twalitumia katika kuchagua wabunge, asili yake ni kile kitu kilichotupwa ili kuamua fungu lipi ni la nani. Kwa hiyo ndani ya jina lenyewe la mchezo huu limo wazo la mafungu. Lakini tusikimbilie kusema kwamba kwa sababu hiyo ushindi lazima ugawanywe. Neno nasibu halisemi kwamba fungu lako ni langu. Linasema kwamba kila mtu ana lake. Linaloamua kama nitakukatia katika langu si hilo, bali ni neno jingine: deni.

Deni katika Kiswahili ni la namna mbili, na sisi walimu hatuzitofautishi vya kutosha tunapofundisha. Liko deni la fedha, na liko deni la fadhila. Deni la fedha lina kiasi chake na siku yake. Mwenye kudai anaweza kubisha hodi na kuuliza. Na likilipwa limekwisha, watu wawili wanarudi kuwa kama walivyokuwa. Deni la fadhila halina kiasi wala siku. Mwenye nalo haruhusiwi kulidai, na akilidai analifuta. Tena hata likilipwa haliishi, kwa kuwa kusudi lake si kuwatenganisha watu bali kuwafunga pamoja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kulichukua deni la fadhila kama kwamba halipo. Kosa langu la pili lilikuwa kulichukua kama deni la fedha. Bahasha yangu ilimwambia mwenzangu, "Pokea, tumemalizana." Naye hakutaka tumalizane.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Seneca, mwanafalsafa wa Rumi aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kitabu kizima juu ya fadhila, na mojawapo ya mafundisho yake ni kwamba aliyetoa imempasa asahau upesi, na aliyepokea imempasa asisahau kamwe. Naye Mfaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake mashuhuri uliochapishwa mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi ina wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea, na wajibu wa kurudisha. Waislamu nao, ambao dini yao inakataza kamari kabisa, wana mafundisho yanayomkemea vikali mtu anayetoa hiba kisha akairudia. Hawa wote hawakuishi mahali pamoja wala zama moja, lakini wanakutana katika jambo moja: mtoaji na mpokeaji kila mmoja ana sharti lake, na sharti la mmoja si sharti la mwingine.

Tukitaka kuona matokeo ya kuyachanganya masharti hayo, tutazame visa viwili vya Marekani vilivyojulikana sana. Mwaka 1984, katika mji wa Yonkers, jimbo la New York, askari mpelelezi alikuwa akila katika mkahawa aliouzoea. Badala ya kumwachia mhudumu bakshishi, alimwahidi nusu ya tiketi ya bahati nasibu, nao wakachagua namba pamoja. Tiketi ikashinda dola milioni 6. Askari angaliweza kusema kwamba yalikuwa maneno ya mezani tu. Hakusema. Waligawana nusu kwa nusu, na mwaka 1994 kisa hicho kikawa msingi wa filamu. Hapa hapakuwa na fumbo: neno lilikuwa limetamkwa kabla ya kura kutoka, na ahadi ni deni.

Kisa cha pili kilitokea mwaka 1999 katika jimbo la Alabama. Mteja wa mkahawa mmoja alikuwa na desturi ya kuwapa wahudumu tiketi za bahati nasibu ya jimbo jirani la Florida. Tiketi ya mhudumu mmoja ikashinda dola zipatazo milioni 10. Wenzake wanne wakamshtaki wakidai kwamba walikuwa wamekubaliana kwa mdomo kwamba atakayeshinda atagawana na wengine. Baraza la wazee wa mahakama likawakubalia wenzake. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya juu ya jimbo hilo ikaitangua hukumu, kwa kuwa sheria za Alabama hazikutambua mapatano yaliyosimama juu ya kamari. Hata yule mteja naye alidai mahakamani kwamba aliahidiwa gari, lakini dai lake halikufaulu. Kwa sheria, mshindi alibaki na mali yake. Lakini fikiri, ndugu msomaji, juu ya mkahawa ule ambamo watu watano walikuwa wakipeana zamu na kusaidiana kubeba sahani. Mahakama iliamua fedha ni za nani. Haikuwa na uwezo wa kuamua watu wale watasalimiana vipi.

Waspania, ambao bahati nasibu yao ya Krismasi ilianza mwaka 1812 katika mji wa Cádiz, wamejifunza somo hilo kwa muda mrefu. Tiketi yao huuzwa kwa vipande kumi, na jamaa, majirani na wafanyakazi wenza huvishiriki vipande hivyo au kupeana kama zawadi. Wenye busara huandika mapema majina ya washiriki na fungu la kila mmoja. Si kwamba hawaaminiani. Wanajua kwamba neno linalotamkwa kabla ya ushindi ni jepesi, na neno hilohilo likitamkwa baada ya ushindi ni zito kama jiwe.

Baada ya kusafiri mbali hivyo, jibu langu nililipata karibu, zizini kwa mama yangu. Nilipomweleza habari ya bahasha iliyorudishwa, alinishangaa. Akaniambia, "Mwanangu, mtu aliyekupa ng'ombe humpelekei fedha. Unampelekea ng'ombe."

Wasomaji wa nchi nyingine waniruhusu nieleze kidogo. Katika mila za Rwanda, kumpa mtu ng'ombe, yaani kugabira, ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, hata watu huapa kwa jina la yule aliyewapa ng'ombe. Aliyepewa hahesabiwi kuwa amekopeshwa. Lakini ng'ombe akizaa na kuongezeka, mpokeaji humpelekea mtoaji mtamba kwa hiari yake, kwa maneno mazuri na mbele ya watu. Tendo hilo huitwa kwitura. Mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006 ili kila familia maskini ipate ng'ombe, uliichukua mila hiyo na kuipanua: aliyepewa ng'ombe humpa jirani yake ndama jike wa kwanza, na jirani naye hufanya vivyo hivyo.

Tazama jinsi zawadi hii inavyofanana na tiketi. Anayetoa ng'ombe hajui atazaa au atakufa, atazaa dume au jike. Anatoa nafasi. Ng'ombe akifa, hakuna deni. Akizaa, hakuna madai, lakini kuna matarajio ya heshima. Na kinachorudi si bei ya ng'ombe. Ni sehemu ya uzao wake, kitu kilicho hai, kinachoweza nacho kuzaa.

Nisije nikaonekana kama kwamba nasifu kila kitu cha zamani. Ng'ombe huyohuyo aliweza pia kuwa kamba. Ulikuwapo mpango wa ubuhake, ambamo mtu alipewa ng'ombe na mkubwa wake, naye akawa chini yake akimtumikia; mpango huo uliondolewa mwaka 1954 wakati wa utawala wa Mwami Mutara III Rudahigwa. Tofauti kati ya kwitura na ubuhake ndiyo tofauti kati ya shukrani na utumwa wa shukrani. Katika kwitura mpokeaji ndiye anayechagua siku. Katika ubuhake siku zote ni za mtoaji. Kwa sababu hiyo nasema tena kwamba mtoaji wa tiketi asidai, hata kwa mzaha, hata kwa jicho. Anayekumbusha kila mara, "Bila mimi usingekuwa na ng'ombe huyo," amekwisha kumfunga mwenzake kamba shingoni.

Mimi na mama tulikubaliana kungoja. Ndama wa kwanza alikuwa dume. Safari hii sikunyamaza. Nilikwenda kwa mwenzangu, nikamwambia habari hizo mimi mwenyewe, nikamweleza kwamba tunangoja jike. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya bahasha, akasema, "Basi tungoje." Ilipita zaidi ya mwaka. Jike alipozaliwa na kuachishwa ziwa, tulimpeleka, mimi na mama na wazee wawili wa kijiji. Mwenzangu wakati huo alikuwa amestaafu. Mama alisema maneno yaliyopasa kusemwa. Mwenzangu hakuuliza thamani. Aliuliza jina la ndama, kisha akamwita mkewe alete maziwa.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba shukrani ikiwa ni wajibu, si shukrani tena bali ni kodi. Nawajibu kwamba salamu nayo ni wajibu, na bado tunaitambua salamu itokayo moyoni na ile itokayo midomoni tu. Wajibu hauiui nia njema. Huipa siku ya kujionyesha. Wengine watauliza: je, maskini aliyeshinda fedha zinazomtosha tu kulipa karo ya watoto wake, naye agawe? Nasema asigawe. Aende kwa aliyempa, amwambie, "Tiketi yako imewarudisha watoto wangu shuleni." Mtoaji mwungwana hatahitaji zaidi. Kama mwenzangu angalipata habari ya ndama kutoka kinywani mwangu siku aliyozaliwa, naamini asingalihamia meza ya mbali.

Kutokana na hayo yote, naona kwamba adabu ya jambo hili inaweza kufupishwa hivi.

Kwanza, anayetaka kugawana aseme kabla. Akitoa tiketi na kusema, "Tukishinda tutagawana," hiyo si zawadi bali ni ubia, na ubia una haki zake. Asiyesema kabla asiseme baada.

Pili, mtoaji aangalie anampa nani. Kumpa tiketi mtu ambaye dini yake au dhamiri yake inakataza kamari si ukarimu, ni kumtia katika mtihani. Kadhalika mtu aliyezoea kupoteza mshahara wake katika michezo hiyo asipewe tiketi kwa jina la urafiki.

Tatu, mtoaji akishatoa asahau. Asiulize kama namba imetoka. Ikitoka, awe wa kwanza kupongeza.

Nne, mpokeaji akishinda, amwambie mtoaji kabla hajasikia kwa wengine. Habari ndiyo fungu la kwanza la mtoaji, na ndilo fungu pekee ambalo hata maskini anaweza kulitoa.

Tano, mpokeaji mwenye uwezo arudishe kitu, kwa hiari yake, bila kuombwa na bila kukawia mno. Kitu hicho kisifanane na malipo. Asipige hesabu ya theluthi na robo. Achague kitu kinachotokana na ushindi wenyewe, akipeleke mwenyewe, na aseme maneno. Zawadi ndogo iliyosindikizwa kwa maneno inapita bahasha nene iliyo kimya.

Ndugu walimu, naleta kisa hiki katika jarida letu kwa sababu naamini somo la lugha halikamiliki kwa ngeli na nyakati peke yake. Mwanafunzi anayejua kunyambua kitenzi "pa" hata kupata "pana", "pewa" na "peana", lakini hajui la kufanya siku anapopewa, amejifunza nusu. Ukipata nafasi, lipeleke swali hili darasani kwako. Waulize wanafunzi deni la fedha na deni la fadhila yanatofautianaje, na uwaache wabishane mpaka kengele ilie. Nami nitashukuru kupata majibu yao kupitia jarida hili.

Na kama kuna mwalimu mwenzako aliyekupa kitu kidogo ambacho baadaye kilikuwa kikubwa, iwe tiketi, kitabu, au neno lililokufungulia kazi, usingoje makala nyingine. Nenda kamwambie. Mimi nilichelewa, na nilipofika nilikuwa nimebeba bahasha.